Klabu yetu ya saifai imebaki na watu saba, tuifunge?

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya wapenzi wa hadithi za kisayansi, yaani saifai, hapa Morogoro, tuliianza tukiwa chuo. Mwanzoni tulikuwa tunafika hata ishirini na tano, tunaangalia filamu, tunabishana, raha tupu. Sasa tumebaki saba. Wawili wamegombana mpaka hawasalimiani, kisa kubishana ipi ni saifai ya kweli na ipi ni uchawi tu. Wasichana karibu wote wameacha kuja, na grupu la WhatsApp limekuwa la vichekesho na matangazo ya biashara. Nimesikia Marekani kuna klabu ya hivi ina miaka mingi sana. Wenzetu wanafanyaje? Au hivi vitu huwa vinakufa tu na tukubali?"

Marahaba mdogo wangu. Usiifunge. Watu saba wanaokuja bila kubembelezwa ni mtaji, na wale wengine kumi na nane usiwalilie sana kama walikuja kwa ajili ya filamu, maana filamu siku hizi kila mtu anayo kwenye simu, hana sababu ya kupanda daladala kuja kuiangalia kwenu. Nimezifuatilia hizi klabu kwa miaka mingi, nimekaa kwenye vikao vyao, nimesoma majarida yao ya zamani mpaka usiku, na sijaona hata moja iliyodumu kwa sababu ya ubora wa vitabu au filamu walizokuwa wanajadili. Zilizodumu ni zile ambazo siku ya kukutana ilikuwa haihami na kila memba alikuwa na kakazi kake. Mengine yote ni nyongeza, nyongeza tamu lakini nyongeza.

Hiyo klabu uliyoisikia nadhani ni LASFS ya Los Angeles, jina refu ni Los Angeles Science Fantasy Society. Ilianza Oktoba 1934 na mpaka leo wanakutana kila wiki, Alhamisi jioni. Kila wiki mdogo wangu, sio kila mwezi, sio "tukipata nafasi". Imepita Vita Kuu ya Pili, imepita wanachama kuoana na kuachana humo humo ndani, imehama jengo hadi jengo, korona ilipokuja wakahamia Zoom na Alhamisi ikabaki Alhamisi. Ni klabu ya saifai iliyokaa muda mrefu kuliko zote duniani bila kukatika.

Sasa watu wakisikia hivyo wanasema aah Wamarekani wana hela. Ngoja nikuambie walivyoanza.

Mwaka 1926 kuna mhamiaji mmoja kutoka Luxembourg, Hugo Gernsback, alianzisha jarida pale New York linaitwa Amazing Stories, la kwanza kuwa la hadithi za kisayansi tupu. Akawa anachapa barua za wasomaji na anwani zao kamili chini. Hapo ndipo kila kitu kilipozaliwa, kwenye hizo anwani. Kijana aliyekuwa anadhani yuko peke yake mji mzima anayesoma habari za roketi akaona kumbe kuna mwenzake mtaa wa pili, akamwandikia yeye moja kwa moja, jarida halihusiki tena. Kufikia 1930 vijana wa Chicago wakawa wanachapa kijarida chao wenyewe, The Comet, ambacho wengi wanakihesabu kuwa fanzini ya kwanza, yaani jarida la mashabiki linaloandikwa na mashabiki. Mwaka 1934 Gernsback akaona bora aanzishe ligi ya wasomaji yenye matawi kila mji, kibiashara alitaka wasomaji wasimkimbie, na tawi namba nne likawa la Los Angeles. Baada ya miaka michache ile ligi ikafifia, jarida lake la wakati huo, Wonder Stories, likauzwa, lakini tawi namba nne halikusubiri ruhusa ya mtu, likaendelea na mambo yake.

Na huo ulikuwa wakati mbaya kabisa wa uchumi kule kwao, mdororo mkubwa, vijana hawana kazi. Hao jamaa wa Los Angeles walikuwa wanakutana kwenye mgahawa mkubwa katikati ya mji unaitwa Clifton's Cafeteria, na mwenye mgahawa alikuwa na sera kwamba asiye na hela hafukuzwi, unalipa unachoweza. Naomba hapo usipapite haraka. Walichagua sehemu ambayo mtu anaweza kukaa masaa matatu bila kununua kitu na asiaibike. Mwaka 1937 akaingia hapo dogo wa miaka 17, kwao hawana kitu, anaitwa Ray Bradbury. Alipomaliza shule akawa anauza magazeti barabarani, chuo hakwenda, lakini Alhamisi alikuwa nayo. Mwaka 1939 alipotaka kutoa fanzini yake hela ilitoka kwa memba mwenzake, Forrest Ackerman, na mwaka huo huo Ackerman akamsaidia nauli ya basi kwenda New York kwenye kongamano la kwanza la dunia la mashabiki wa saifai, safari ya kutoka pwani moja ya Marekani mpaka pwani nyingine. Baadaye Bradbury akaja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa karne ile. Wakati wanamsaidia hakuna aliyekuwa anajua hilo, alikuwa ni memba tu ambaye hana nauli.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako: nyie mnakutania wapi? Kama ni kwenye mgahawa ambao ukikaa lazima uagize, basi nakuhakikishia kati ya wale walioacha kuja wapo ambao saifai wanaipenda vile vile ila hawana elfu tano ya soda na chipsi na hawawezi kukuambia hivyo usoni. Tafuteni darasa, ukumbi wa maktaba, baraza ya nyumba ya mmoja wenu, hata chini ya mwembe, mradi pawe bure na pawe hapo hapo kila mara.

Halafu siku. Kwenye mengi unaweza kunibishia ila kwenye hili nitakung'ang'ania. Angalia kikoba cha kina mama mtaani kwenu, Jumapili saa kumi ni Jumapili saa kumi, mvua inyeshe, kuwe na msiba, hata wakija wanne kikao kinakaa na kitabu kinafunguliwa. Hakuna anayepiga kura kwenye grupu "jamani wiki hii tunakutana lini?" Hiyo kura ndiyo inayoua klabu za vijana. Kila wiki mkianza upya kujadiliana siku, wenye shughuli nyingi wanachoka kujibu, wanaobaki ni wale wasio na shughuli, na mtu akikosa mara mbili hajui tena arudi lini. Siku ikiwa haihami, mtu anaweza kupotea miezi sita, akapata kazi Dodoma, akarudi likizo, akaja moja kwa moja bila kumuuliza mtu na akawakuta. LASFS wana watu walioondoka miaka kumi wakarudi Alhamisi wakakaa kwenye kiti kama walitoka jana.

Kama kila wiki ni nzito, fanyeni kila Jumamosi ya pili ya mwezi. London wana utaratibu huo toka zamani, Alhamisi ya kwanza ya mwezi kwenye baa, na mkutano wao huo umehama kutoka baa moja hadi nyingine kwa miongo na miongo, mwandishi Arthur C. Clarke alikuwa mmoja wa waliokuwa wanakaa hapo miaka ya 40 kabla hajawa maarufu. Ila mkishasema Jumamosi ya pili, basi hata ikiwa ni wewe peke yako na kitabu chako, kaa mpaka muda uishe.

Sasa kazi. Nadhani kwenu tatizo kubwa liko hapa. Kwa jinsi ulivyoandika inaonekana watu walikuwa wanakuja, wanaangalia, wanaongea, wanaondoka. Mtazamaji akikosa hakuna kinachoharibika na yeye mwenyewe anajua hivyo. Mtu mwenye kazi akikosa, anatafutwa.

Nikuelezee fanzini ilivyokuwa inatengenezwa enzi zile uone ninachomaanisha. Walikuwa wanatumia mashine ya kudurufu, ile ambayo wazazi wetu waliita saiklostaili, mitihani ya shule ilikuwa inatoka humo. Unachukua stensili ya nta, unaiweka kwenye taipureta bila utepe, unagonga herufi mpaka zitoboe, ukikosea unapaka dawa unasubiri ikauke unagonga tena. Unaifunga kwenye ngoma ya mashine, unatia wino, unazungusha mkono, karatasi moja moja inatoka mbichi. Ukurasa wa kwanza nakala mia, wa pili nakala mia, mpaka wa ishirini. Halafu rundo zote zinapangwa kuzunguka meza kubwa, na watu wanaanza kutembea kuizunguka ile meza, unaokota ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukifika mwisho unampa mwenye stepla, unaanza tena. Wino unashika vidole, mgongo unauma, na mdomo unaongea muda wote. Ukisoma kumbukumbu za wazee wa klabu hizi, wengi wanachokumbuka kwa mapenzi ni ile meza, kuliko hata hadithi zilizokuwa ndani ya fanzini. Mtu mwenye aibu ambaye kwenye mjadala hafungui mdomo, pale mezani ana nafasi sawa na msemaji mkuu, na akifika raundi ya kumi ameshapata rafiki.

Pale Los Angeles kazi hiyo kwa sehemu kubwa aliibeba mwanamke mmoja, Myrtle Douglas, wenzake walimwita Morojo, alikutana na Ackerman kwenye darasa la Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa. Kupiga taipu, kuchapa, kutuma, yeye. Na mwaka 1939 kule New York Ackerman alipoingia ukumbini amevaa nguo za mtu wa wakati ujao, joho na mabega mapana, watu wakapigwa butwaa, mpaka leo wanasema huyo ndiye baba wa kosplei, yaani kuvaa kama wahusika wa hadithi. Nguo zile alizishona Morojo, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa za kwake pembeni yake. Miaka mingi historia ilimtaja mwanaume peke yake. Nakuambia hili kwa sababu kwenye kila klabu kuna Morojo, na mara nyingi ni katibu, na naona wewe unaweza kuwa ndiye. Kama kazi zote ziko mikononi mwako, kuitisha, kutafuta ukumbi, kupiga picha, kupatanisha, basi siku ukichoka klabu imeisha. Gawa. Mmoja atunze vitabu vya kuazimana, hata viwe kumi na mbili kwenye boksi, awe na daftari la nani kachukua nini. Mmoja awe wa kupokea wageni tu. Mmoja kila kikao alete kitu cha kusoma kwa sauti, kurasa mbili. Na wewe andika muhtasari na usomwe mwanzoni mwa kikao kinachofuata. Najua muhtasari unasikika kama ofisi ya kata, lakini LASFS muhtasari wa wiki iliyopita ni burudani yenyewe, katibu anaandika nani alisema nini cha ajabu, ukumbi mzima unacheka, na aliyekosa anajua alichokosa. Ukisikia jina lako kwenye muhtasari unajua ulikuwepo na ulionekana.

Nguvu ya kugawa kazi uione kwenye ile kampeni ya Star Trek, tamthilia ya saifai ya televisheni. Mwishoni mwa 1967 kukawa na habari kwamba kituo cha NBC kinataka kuifuta baada ya msimu wa pili. Bjo Trimble na mumewe John, wote watu wa LASFS, hawakuishia kulalamika, waliandaa maelekezo ya namna ya kuandika barua, uandike kwa heshima, kwa maneno yako, na kila anayeandika atafute watu kumi wengine waandike, na wale kumi kila mmoja kumi wake. Barua zikamiminika mpaka Machi 1968 kituo kikatangaza hewani, baada ya kipindi kuisha, kwamba msimu wa tatu utakuwepo. Wale waliofanya hivyo walikuwa wameshazoea kazi za klabu, orodha za anwani wanazo, mashine ya kudurufu wanayo, wanajuana. Huwezi kuanza kujifunza hayo siku ya shida.

Hela sitakuchosha nayo: mchango uwe mdogo ambao mwanafunzi anaweza, mtunza hela asiwe mwenyekiti, na hesabu isomwe kila kikao hata kama ni elfu nane. LASFS kwa senti hizo hizo, minada ya vitabu na michango, walikusanya kwa miaka mpaka mwaka 1973 wakanunua jengo lao wenyewe, klabu ya kwanza ya saifai kuwa na nyumba yake.

Tuje kwa hao wawili wasiosalimiana.

Ugomvi mmoja mkubwa wa mashabiki wa saifai ulitokea siku ile ile ya kongamano la kwanza la dunia, Julai 2, 1939, ukumbi wa Caravan Hall, New York. Watu kama mia mbili wamekuja, wengine wamesafiri siku kadhaa. Pale New York palikuwa na makundi mawili ya vijana waliokuwa hawaivi. Kundi moja, la kina Sam Moskowitz, ndilo lililoandaa. Lingine linaitwa Futurians, vijana wa siasa za mrengo wa kushoto, waongeaji, wakorofi kidogo, wenye akili nyingi. Siku ya kwanza waandaaji wakakuta rundo la vipeperushi vya manjano vimefichwa ukumbini, vinaonya watu kwamba kongamano limetekwa na madikteta. Wakaamua ni Futurians, wakawaambia waahidi kwamba hawatavuruga, wao wakakataa kuahidi, basi vijana sita wakazuiwa mlangoni. Frederik Pohl, Donald Wollheim, Cyril Kornbluth, John Michel, Robert Lowndes, Jack Gillespie. Wengi wao hata miaka ishirini na tano hawajafika. Na aliyeandika kile kipeperushi alikuwa mtu mwingine kabisa, Dave Kyle, ambaye hakuwaambia wale sita, na yeye mwenyewe aliingia ndani akakaa kongamano zima. Isaac Asimov, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu, naye alikuwa Futurian, akapita mlangoni bila kuulizwa, na baadaye aliandika kwamba dhamiri ilimsuta kwa kukaa ndani wakati wenzake wako nje.

Ugomvi ule umebishaniwa miaka na miaka, kila upande umeandika toleo lake. Pohl akaja kuwa mhariri mkubwa na mwandishi, Wollheim akaanzisha kampuni ya vitabu, DAW, Moskowitz akawa ndiye mwanahistoria wa mambo hayo hayo. Wote walikuwa wanakipenda kitu kimoja kuliko kitu chochote maishani mwao na wako mita chache kati yao, mlango uko katikati.

Ukiusoma ule ugomvi vizuri unaona waliokuwa mlangoni waliamua palepale, kwa hasira, bila kanuni yoyote iliyoandikwa, na hawakuchunguza nani kaandika. Kwa hiyo ushauri wangu: hao wawili msiwalazimishe wapatane mbele za watu, na klabu isichukue upande. Mtume mtu mmoja anayeheshimiwa na wote wawili, aongee na kila mmoja peke yake, awaambie kitu kimoja tu, kwamba kwenye kikao watasalimiana na hakuna kukatana kauli, huko nje wafanye wapendavyo. Halafu ule ubishi wenyewe wa ipi ni saifai na ipi ni uchawi, msiupigie kura wala msiuandikie fasili, utawamaliza. Ugeuzeni zamu. Kila kikao memba mmoja analeta kitu ambacho yeye anaona ni saifai, anapewa dakika kumi kukitetea, wengine wanauliza maswali, basi. Mmoja akileta hadithi ya babu yake kuhusu watu wa chini ya maji na akaweza kuitetea, mtajifunza zaidi ya mlichojifunza kwenye ule ugomvi wote.

Sasa wasichana. Umeliweka katikati ya sentensi kama jambo la kupita, lakini kwangu ndilo zito kuliko yote uliyoandika. Watu wakiacha kuja mmoja mmoja kwa sababu mbali mbali, hiyo ni maisha. Wasichana karibu wote wakiacha kwa kipindi kimoja kuna kitu. Inawezekana ni muda, mnamaliza saa mbili usiku na usafiri unasumbua. Inawezekana kila wakisema kitu wanakatwa au wanafanyiwa mtihani, "taja basi vitabu vitano vya fulani", wakati mvulana haulizwi. Na inawezekana kuna mtu anawasumbua. Hujui mpaka uulize, na usiulize kwenye grupu. Tafuta mwanamke wanayemwamini, kama ni wewe basi wewe, mpigie kila mmoja simu, sikiliza, usimtetee mtu yeyote kwenye hiyo simu.

Kwanini nalisisitiza hivi: mwaka 1964 kamati ya kongamano la dunia lililofanyika Oakland, California, ilimpiga marufuku shabiki mmoja maarufu kwa sababu ya taarifa kwamba anadhalilisha watoto. Mashabiki wengi wakaikasirikia kamati. Wakasema mnamwonea, sisi wenyewe tumetengwa shuleni na kazini kwa kuwa watu wa ajabu, klabu ndiyo nyumba yetu, hatuwezi kumfukuza mtu nyumbani. Maneno matamu sana hayo. Miaka mingi baadaye yule mtu alihukumiwa kwa makosa ya aina hiyo hiyo na akafia kifungoni. Katikati hapo kuna watoto. Ule moyo wa kupokea kila mtu ndio uzuri wa klabu zetu, na watu wabaya wanaujua na wanautumia. Siku hizi makongamano makubwa yana kanuni za mwenendo zilizoandikwa, na mtu anayejulikana wa kumpelekea malalamiko. Nyie andikeni nusu ukurasa: nini hakikubaliki, malalamiko apelekewe nani, na kwamba anayelalamika hatatangazwa. Mkikuta kuna msumbufu, atoke, hata kama ndiye mwenye projekta. Na kama ni kosa la jinai, hilo sio la klabu kumaliza kimya kimya, ni la polisi na dawati la jinsia.

Na usije ukadhani wanawake ni wageni kwenye mambo haya. Fanzini ya kwanza ya Star Trek, Spockanalia, mwaka 1967, wahariri wake walikuwa wanawake. Kongamano la kwanza kubwa la Star Trek, New York, Januari 1972, kamati iliyojaa wanawake ilitegemea mia kadhaa, wakaja zaidi ya elfu tatu. Mwaka huo huo kikaanzishwa kikundi cha kujitolea, Star Trek Welcommittee, kazi yake ilikuwa kujibu barua za mashabiki wapya, mtu anauliza klabu iko wapi karibu na mimi, anajibiwa. Walifanya hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa posta. Hiyo kazi ya kupokea wageni niliyoitaja juu nimeitoa kwao. Mgeni akija mara ya kwanza akakaa pembeni masaa mawili mnataniana kwa utani wenu wa ndani, harudi, na hatakuambia kwanini.

Grupu la WhatsApp lisikuumize kichwa. Fungua la pili la matangazo tu, anaandika katibu na mwenyekiti, siku, mahali, nani ana zamu. Lile la zamani liache liwe kijiwe, watu wanahitaji kijiwe.

Badala ya kulirekebisha grupu, anzisheni fanzini. Namaanisha kabisa. Kule LASFS mwaka 1964 walianza kitu kinaitwa APA-L, kila Alhamisi kila anayetaka alikuwa analeta kurasa zake alizoandika nyumbani, zikaunganishwa zote pamoja usiku ule ule, kila mmoja akaondoka na nakala, na wiki inayofuata akajibu walichoandika wenzake. Hakukuwa na mhariri wa kukukatalia. Nyie kila mwezi kila mtu ukurasa mmoja, hadithi, malalamiko, mchoro, maoni ya filamu, ramani ya Morogoro mwaka 2200 na treni ya angani inapita juu ya Uluguru, chochote. Unganisha iwe pidiefu, na ukiweza chapa nakala kumi steshenari, mzipange na kuzibana wenyewe mezani, msimwachie mwenye duka. Iwe kwa Kiswahili, maana saifai ya Kiswahili bado ni kidogo sana na nyie mnaweza kuiongeza kwa mikono yenu. Afrika hampo peke yenu: Afrika Kusini klabu yao ipo toka 1969 na ina jarida lake, Probe. Nigeria kuna Omenana toka 2014, linasomwa bure mtandaoni. Na toka 2016 ipo African Speculative Fiction Society inayotoa tuzo za Nommo kwa kazi za Waafrika. Memba wenu mmoja akianza kwenye ukurasa wake mmoja wa mwezi, ana pa kuelekea.

Zamani ukitaka fanzini ya mtu ulikuwa na njia tatu, umtumie hela kidogo, umtumie ya kwako mbadilishane, au uandike barua ya maoni kuhusu toleo lililopita. Mimi nachagua hiyo ya tatu. Likitoka toleo la kwanza nitumie, hata likiwa na kurasa saba na spelingi mbovu. Nitalisoma lote, kisha nitaandika barua ya ukurasa mzima, kwa kila aliyeandika nitasema nimeona nini kwake, na mtaichapa kwenye toleo la pili.